Panga la Kukatia Nyasi

Mwezi uliopita nilipeleka mkasi wangu kunolewa kwa kijana mmoja pale Bunda, karibu na stendi. Ana mashine ya umeme, anavaa miwani ya kuzuia cheche, na hakuniambia kitu zaidi ya kunitaka nisogee nyuma. Mashine ikalia, na mara ile harufu ikanifikia: chuma kilichopata moto na jiwe lililolowa maji. Nilisimama pale na pochi yangu mkononi kama mtoto anayeitwa ubaoni. Kijana akamaliza kabla sijatulia. Akanipa mkasi, akamgeukia mteja mwingine.

Njiani kurudi dukani nilikuwa nimeudhika na sikujua kwa nini. Mkasi ulikuwa unakata vizuri. Ilibidi nikae kwenye cherehani kwa muda ndipo nikagundua kilichoniudhi. Hakuniuliza mkasi ule ni wa kazi gani.

Niseme mapema mimi ni mtu wa aina gani, usije ukadhani nakuza mambo. Mimi ni fundi cherehani niliyejifunza mwenyewe, kwanza kwa kufumua nguo kuukuu za mama, baadaye kwa kuangalia video kwenye simu. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, hakuna siku ninayoamini kwamba nimepatia. Nashona, nafumua, nashona tena. Mteja ananiambia, "Dada, hapo pako sawa," na mimi naona uzi mmoja uliokwenda kombo, nao unaninyima usingizi. Hata hapa ninafuta kuliko ninavyoandika. Nilizoea kuamini kwamba tabia hii niliirithi kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa mnoaji wa visu Kitaji, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akikataa kazi eti haijakaa sawa. Nilichelewa sana kuelewa alichokuwa akikikataa.

Nyumba yetu ilikuwa Kitaji, Musoma mjini. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba huku huku Bunda, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Mama aliuza nyanya na vitunguu sokoni. Kaka yangu Bwire alikuwa amemaliza shule ya msingi na hakuendelea, na mimi nilikuwa darasa la tatu. Chumba cha uani alikaa baba mdogo Mafuru. Mimi nilipewa jina la mama yao yeye na baba, Nyamisi, kwa hiyo yeye hakuniitaga jina. Aliniita "mama", hata mbele ya wateja, wala hakuwa anatania.

Kazi yake aliifanya mbele ya nyumba. Alikuwa na baiskeli kuukuu isiyokwenda popote, imesimamishwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma limefungwa mkanda wa kuzungusha jiwe la duara lililokaa mbele ya usukani. Akipanda na kukanyaga pedeli, jiwe linazunguka. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kudondoshea maji juu ya jiwe kutoka kwenye kopo lililotobolewa kwa msumari. Mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili vya mwisho. Niliwahi kumuuliza mama vimekwenda wapi. Mama akasema, "Kaliulize jiwe," akaendelea kuchambua mchicha, na mimi nikalichukua jibu hilo kama lilivyo. Ndiyo maana nilidondosha maji huku mkono wangu wa pili umekunjwa ngumi. Shuleni niliwaeleza wenzangu jinsi jiwe linavyokula vidole, tena kwa undani, na sauti yake nikiigiza.

Pembeni ya baiskeli palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwepo Manyama. Alikuwa mbeba samaki kule mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia. Mtu mpana, mpole, aliyenuka sangara hata akitoka kuoga. Kazi yake ilikuwa ya alfajiri, hivyo mchana wote alikuwa wetu. Alifika na sato mmoja au furu wachache kwenye mfuko, akamkabidhi mama bila maneno, kisha akakaa. Yeye na baba mdogo walikunywa chai ya rangi kwa kikombe kimoja, wakipokezana. Jambo hilo liliniudhi kwa sababu za usafi.

Watu wa mtaani waliwaita "wastaafu". Nilidhani wamestaafu serikalini, kama mwalimu mmoja jirani yetu, na nilishangaa kidogo tu kwamba walistaafu mapema hivyo. Ukweli, ambao kila mtu mzima aliujua, ni kwamba kabla sijapata akili vijana wa Musoma walikuwa wamegawana mitaa kwa makundi, na makundi yale yalitembea na mapanga. Baba mdogo na Manyama walikuwa humo. Kundi la baba mdogo lilikuwa na jina ambalo mama alikataza lisitamkwe ndani ya nyumba. Ninyi wa rika langu mnakumbuka mabaki ya zama zile: milango inafungwa jua likiwa bado juu, hutumwi dukani peke yako. Sisi tulidhani ndivyo jioni zilivyo kila mahali.

Kila aliyeleta kitu cha kunoa aliulizwa swali moja. "Kazi yake?" Mama lishe akisema vitunguu, alipewa makali membamba. Panga la kuni lilipewa makali manene, yasimeguke kwenye fundo. Panga la nyasi lilinolewa upande mmoja, kwa urefu, jepesi. Haya yalikuwa mambo ya ufundi tu, nami niliyashika yote, nikajivuna nayo. Lakini vijana waliulizwa zaidi ya wengine. Namkumbuka mmoja aliyekuja amevaa kofia ya sufu kwenye joto.

"Kazi yake?"

"Kuni."

"Kuni za wapi?"

"Nyegina. Kwa babu."

"Babu gani wa Nyegina?"

"Babu tu, mzee. We noa."

Baba mdogo alilishika panga kwa mpini, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa. "Mpini unacheza. Nikilinoa hivi litakuruka, likukate mwenyewe. Liache."

"We ni mnoaji au ni mahakama?"

"Kaa kwanza unywe chai," Manyama akamwambia, akimsogezea kikombe. "Mahakamani hawatoagi chai."

Wengine walikaa, wengine walitukana wakaondoka. Wakishaondoka, baba mdogo aling'oa misumari ya mpini, akaweka bapa upande mmoja wa chumba chake na mpini upande mwingine. Kijana akirudi Jumatatu, gundi haijakauka. Akirudi Alhamisi, jiwe limepata ufa. Nyuma ya mlango wa chumba kile mabapa yalisimama uchi, mengi, na mimi niliyapanga kwa urefu. Niliamini baba mdogo hawezi kuruhusu kazi mbovu itoke mikononi mwake. Nilimpenda kwa hilo. Nilijiambia nikikua nitakuwa hivyo hivyo, na nikawa.

Sasa nieleze la siku ile.

Kilikuwa kiangazi. Wiki hiyo rafiki yake Bwire, Magesa, alikuwa amekatwa panga la mkono na kijana wa mtaa wa kule juu, baada ya ugomvi uliotoka kwenye mpira. Vijana wa Kitaji walikuwa wanasema habari ya Jumamosi, kwamba wa kule juu watakuja tena uwanjani na safari hii wataona. Mimi nilisikia yote hayo. Nilidhani ni mechi ya marudiano.

Bwire aliniita nyuma ya nyumba, akanipa panga lililofungwa kwenye gunia. "Mpelekee baba mdogo. Mwambie ni la jirani wa huku nyuma, la kukatia nyasi. Analitaka leo." Nikaenda. Sikuwa na sababu ya kutilia shaka. Majirani walitumaga vitu kila siku.

"Kazi yake?" baba mdogo akauliza.

"Nyasi," nikasema. Kisha nikaongeza, nimsaidie, "Makali membamba, upande mmoja."

Alilifungua gunia polepole. Panga lilikuwa limesuguliwa kwa tupa pande zote mbili, na ncha yake imechongwa ikawa kali kama ya kisu. Alipitisha dole gumba juu ya ile ncha.

"Nyasi za wapi, mama?"

Niligeuka nikatazama mtaa. Palikuwa na vumbi na mawe. Hata mbuzi wa jirani walikuwa wanakula maboksi. "Za jirani," nikasema.

Manyama alishusha kikombe.

"Nani kakupa?"

Nikaanza kulia. Sikulia kwa sababu nilijua kuna jambo baya. Nililia kwa sababu nimeulizwa swali na jibu langu halikutosha, na wakati ule hilo ndilo lilikuwa jambo baya kuliko yote niliyoyajua. Sina hakika kama limewahi kuacha kuwa hivyo. "Bwire," nikasema.

Baba mdogo hakupaza sauti. Aliita tu kuelekea ndani. "Bwire. Njoo ueleze kazi ya panga lako. Huyu mama ameshindwa."

Bwire akatoka, akanitazama mimi kwanza. "Sina panga."

"Basi nalikata, nitengeneze visu vya viazi."

"Ni langu."

"Kazi yake?"

"Baba mdogo, unaijua kazi yake."

"Za wengine nazijua. Yako sijaisikia."

"Wamemkata Magesa," Bwire akasema. "Nyie mnatakaga tukae tu. Mkae kwenye benchi mnywe chai, na sisi tukae."

"Nani kamkata?"

"Masatu."

"Masatu wa nani?"

"Masatu tu. Anakaa kule juu, nyuma ya mashine ya kusaga."

"Mama yake anaitwaje?"

"Mama yake anahusikaje?"

"Nimeuliza anaitwaje. Siwezi kunoa panga la mtu asiyemjua mama wa anayekwenda kumkata. Ndiyo utaratibu wa hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopoteza vidole."

"Vidole vyako vililiwa na jiwe," nikasema. Nilikuwa nimeacha kulia na nilitaka tena kusaidia.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akamgeukia Manyama. "Mwambie."

"Ah, Mafuru. Mbele ya mtoto?"

"Mwambie."

Manyama alikuwa anatazama viatu vyake, raba zilizokatwa visigino zikawa kandambili. "Nilivikata mimi," akasema. "Hakuna cha kusimulia. Nililenga shingo, akaweka mkono."

Bwire alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, mtu ambaye samaki wake alikuwa amewala karibu kila siku ya maisha yake.

"Nilikuwa simjui," Manyama akaendelea, kwa sauti ileile ya kuongea habari za bei ya dagaa. "Naambiwa tu yule wa Kitaji, basi. Siku hiyohiyo wenzake wakanivunja taya. Hospitali vitanda vimejaa, wakatulaza jirani, mimi na yeye. Mama yake akawa anamletea uji. Mimi sina mtu. Akawa ananimiminia na mimi, na kijiko alikuwa ananishikia, maana siwezi kufungua mdomo. Yule mama wa watu hajui mimi ni nani."

"Alijua," baba mdogo akasema.

Manyama akainua uso.

"Nilimwambia siku ya kwanza. Nikamwambia huyu hapo ndiye. Asubuhi yake akaja na kikombe cha pili."

Walikuwa wamekaa benchi moja miaka yote hiyo, chai kikombe kimoja, na hilo Manyama alikuwa halijui. Akajifuta uso kwa mkono kuanzia paji mpaka kidevu. Mimi nilikuwa natazama vidole vya baba mdogo, halafu jiwe, halafu Manyama. Nilikuwa nafanya hesabu ya watu wote niliowadanganya shuleni.

Lakini Bwire hakulegea. Najua hapa ndipo mtu angependa alegee. "Sawa," akasema, "bibi alikuwa mtu mzuri. Mkono wa Magesa hauinuki."

"Sawa," baba mdogo akasema. "Twende tukamuulize jina mama yake Masatu. Ukishalijua, nitakunolea."

"Utanoa kweli?"

"Nimeshasema."

"Mafuru," Manyama akasema, lakini baba mdogo alikuwa ameshashuka kwenye baiskeli.

Mama alikuwa sokoni, kwa hiyo nikachukuliwa na mimi. Baba mdogo alibeba panga kwenye gunia chini ya kwapa. Tulipanda kuelekea juu, watu wakitutazama kutoka kwenye vibaraza, na mimi nilitembea mbele kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli. Nilielewa hivi: jibu langu la nyasi halikutosha, kwa hiyo baba mdogo anakwenda kuziona nyasi zenyewe, apate makali sahihi. Mnoaji mwingine angekisia tu.

Nyuma ya mashine ya kusaga tulimkuta mama mmoja amekaa uani anachambua dagaa juu ya turubai. Baba mdogo akapiga hodi. Yule mama alitazama mkono wake wa kushoto kabla ya kumtazama usoni.

"Wewe ndiye mnoaji wa Kitaji," akasema. "Mmekuja kwa habari ya Masatu." Hakusimama, lakini mikono iliacha kuchambua. "Yumo ndani. Hajatoka tangu siku ile. Hata chooni anakwenda mpaka nisimame mlangoni. Kama mnamtaka, mtapita hapa nilipo."

"Hatumtaki," baba mdogo akasema. "Kijana wangu ana swali moja tu. Anakuuliza wewe."

Bwire alisimama kama nguzo. Manyama alimsukuma kidogo begani.

"Shikamoo, mama," Bwire akasema.

"Marahaba."

"Samahani. Unaitwa nani?"

Yule mama alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama baba mdogo, nadhani akitafuta mtego uko wapi. "Naitwa Nyangeta. Na wewe?"

"Bwire."

"Wewe ndiye unatembeaga na yule mtoto aliyekatwa?"

"Ndiyo."

"Mkono wake unaendeleaje?"

"Hauinuki."

"Wanamsafisha na nini?"

"Sijui. Mama yake yuko Bukima, shambani. Amefunga kitambaa."

"Alifunga siku ile?"

"Siku ile."

"Na kitambaa ni hicho hicho mpaka leo?"

Bwire akaitikia kwa kichwa.

"Kinanuka?" mama Nyangeta akauliza.

"Kidogo."

"Jamani," akasema, kwa sauti ndogo. Akasimama, akakung'uta kanga, magamba ya dagaa yakadondoka. "Mlete kesho asubuhi. Mimi siwezi kuja Kitaji, unajua kwa nini siwezi. Mlete wewe."

"Mimi?"

"Wewe si ndiye rafiki yake?"

Nyuma yake pazia la mlango lilisogea, nikaona jicho moja na bega. Alikuwa kijana mwembamba wa umri wa Bwire, kavaa fulana ya shule. Bwire naye alimwona. Walitazamana kwa muda, kisha pazia likarudi. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akishughulikia kilichotuleta, niliuliza mimi.

"Na nyasi ziko wapi?"

"Nyasi gani tena?" mama Nyangeta akauliza.

"Nyamaza, mama," baba mdogo akasema, na nikamwona anauma mdomo wa chini asicheke. Ilikuwa mara moja tu wiki ile.

Kesho yake Bwire alimpeleka Magesa. Manyama aliwafuata kwa nyuma, hatua nyingi nyuma, kama mtu anayekwenda zake. Mama Nyangeta alikifungua kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, kisha akawapeleka zahanati na kukaa nao kwenye foleni. Nesi aliagiza kidonda kisafishwe kila siku, kwa hiyo kila siku walipanda tena. Mama alimuuliza Bwire wanaongeaga nini huko. Akajibu, "Hatuongeagi. Anatupa uji tu."

Hapo ndipo ningemalizia kama ningekuwa natunga. Lakini Ijumaa Bwire alisimama mbele ya baiskeli.

"Baba mdogo. Jina nimelijua."

"Umelijua."

"Uliahidi."

Manyama alisimama kwenye benchi akaenda zake bila kuaga. Miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa baba mdogo, aliniambia kwamba alikwenda nyuma ya choo chetu akatapika. Aliniambia pia kwamba walibishana usiku uliotangulia, kwamba yeye alitaka panga litupwe ziwani na baba mdogo alikataa. Baba mdogo alisema yale mabapa nyuma ya mlango ni ya watoto wa watu wengine, hao anaweza kuwadanganya wakajua wamedanganywa wakaenda kutafuta mengine. Huyu anakula naye. Akimdanganya huyu, hatakuwa na neno tena la kumwambia maisha yake yote.

Kwa hiyo akanoa. Nilidondosha maji mimi. Alinoa vizuri, kuanzia mpini hadi ncha, akageuza, akanoa tena, akapima kwa kunyoa nywele za mkono wake. Mpini aliukaza kwa misumari mipya. Hakukuwa na hila yoyote ndani yake. Niliangalia, maana niliangaliaga kila kitu. Akamkabidhi Bwire kwa upande wa mpini, kwa mkono wake wenye vidole vitatu.

"Asante," Bwire akasema.

"Haya."

Jumamosi mchana Bwire alikaa kwenye ngazi ya mlango, panga limelazwa pembeni yake. Baba mdogo alikuwa juu ya baiskeli. Manyama alikuwa amerudi kwenye benchi lakini kikombe kilikuwa chini, kimejaa. Mama hakwenda sokoni. Alisema kichwa kinamuuma, akawa anafagia mahali alipokwisha kufagia. Mimi nilikuwa na kopo langu.

Wakaja vijana wa mtaani, kundi zima, wengine wamevaa makoti kwenye jua lile. Wa mbele alikuwa yule wa kofia ya sufu.

"Bwire, twende. Wameshafika."

Bwire hakuinuka. "Nendeni."

"Unasemaje?"

"Nampeleka Magesa akasafishwe kidonda. Anangojwa."

"Anangojwa na nani?"

"Na mama Nyangeta."

"Nyangeta ndiyo nani?"

"Mama yake Masatu."

Wakatazamana. Mmoja akacheka. "Kumbe umeolewa kule juu? Wamekutolea ng'ombe wangapi?"

Wengine wakacheka pia. Bwire aliwaacha wacheke. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa, na mkono wake ulikuwa juu ya mpini. Nilimwona mama amesimamisha ufagio.

"Basi tupe hilo panga," yule wa kofia akasema, "si limenolewa. Wewe kaa na mama zako."

"Siazimishi."

"Tupe, Bwire."

"Nimesema siazimishi."

Bwire akalichukua, akaliweka chini ya paja lake, akalikalia. Akabaki hivyo, mikono juu ya magoti. Yule wa kofia alisogea hatua moja. Manyama akajisogeza kwenye benchi, si kuinuka, kusogea tu, kama anayempa mtu nafasi ya kukaa. Kilichosikika ni mnyororo wa baiskeli tu, na jiwe.

Wakatukana kidogo, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wengine walikwenda uwanjani, na huko si kwamba hakikutokea kitu. Alasiri ile mtoto wa jirani yetu alirudishwa amebebwa, na baba mdogo alimjua kwa jina na mama yake pia. Lakini hayo yalikuwa bado. Wakati ule walikuwa wanatembea kuelekea kwenye kona, wakigeuka geuka kumtazama Bwire, na baba mdogo alikuwa anakanyaga pedeli kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumwona, macho yake yamewafuata, mikono yake yote miwili imeshika usukani.

Nikatazama jiwe. Lilikuwa linazunguka bure.

"Baba mdogo," nikasema kwa sauti ya chini, nisimwaibishe, "hujaweka kitu."

"Najua, mama."

"Nidondoshe maji?"

"Dondosha."

Nikadondosha maji juu ya jiwe tupu, kwa uangalifu uleule, tone kwa tone, mpaka wa mwisho wao alipopotea kwenye kona.